Ndala ya Kushoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu kitabu kitoke, maswali hayakauki. Mengine yanakuja kwa simu, mengine naulizwa njiani nikielekea soko la samaki hapa Bagamoyo, kikapu mkononi. Nimeyakusanya pamoja. Ya watoto nimeyaacha kama walivyoyauliza wenyewe.

Kitabu kinahusu nini?

Ndala moja ya mguu wa kushoto inasahauliwa ufukweni, karibu na mahali mafundi wanapounda mashua. Maji ya bamvua, yale yanayopanda juu kuliko siku nyingine, yanaibeba. Inapata mlingoti wa kijiti cha mshikaki, tanga la kipande cha kanga na nahodha ambaye ni kaa, kisha inashika njia ya kaskazini kumtafuta mwenzake wa kulia: mdomo wa mto Ruvu, Saadani, Pangani, hadi Tanga. Kina kurasa 32 na maneno machache. Nilikiandika nikiwawazia watoto wa miaka minne hadi minane, ingawa wanaonipigia simu zaidi ni bibi zao.

Hakuna picha hata moja iliyochorwa. Zote zimepangwa kwa vitu vilivyookotwa: visoda, vifuu, maranda ya fundi seremala, misumari yenye kutu, vipande vya nyavu, vijiko vilivyokatika, chupa zilizosagwa na bahari mpaka zikawa laini kama peremende.

Picha za namna hii zinaitwaje?

Zinaitwa kolaji. Neno limetoka kwenye Kifaransa, "coller", maana yake kubandika. Wanaosimulia historia yake huanzia Ufaransa mwaka 1912, mchoraji Picasso alipobandika kwenye picha yake kipande cha kitambaa cha mpira cha mezani chenye chapa ya ususi wa kiti, kisha akaizungushia kamba badala ya fremu.

Mimi mgeni akiniuliza humpeleka kwanza Kaole, kwenye magofu yaliyo kusini kidogo ya mji wetu. Pale pana msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Wajenzi wa nguzo hizo walipachika bakuli za kaure zilizokuja na vyombo kutoka mbali, China. Bakuli iliyofinyangwa kwa ajili ya chakula ikawa pambo la kaburi, na bado kila aliyepita aliona kwamba ni bakuli. Watu wa pwani hii wamekuwa wakifanya jambo hili kwa karne nyingi.

Kwa nini hukuvipaka rangi hivyo vitu? Vingependeza zaidi.

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo kitabu chenyewe. Nataka mtoto aone vitu viwili kwa mpigo. Aone jicho la kaa, na papo hapo aone kisoda. Nikikipaka kisoda rangi nyeusi, jicho linabaki ila kisoda kimekufa, na mtoto hana tena la kugundua. Nikikiacha na kutu yake na herufi zake zilizokwanguka, atanyamaza kidogo, atasogeza uso karibu na ukurasa, halafu atapiga kelele: "Mama, kumbe hiki ni kisoda!" Ninaifanya kazi yote kwa ajili ya kelele ile.

Tazama Bibi Kifuu kwenye ukurasa wa nne. Uso wake ni kifuu cha nazi, upande ule wenye matundu matatu. Sikuyagusa matundu. Mawili ni macho, la tatu ni mdomo ulioachama kwa mshangao, na nazi zote duniani zina uso huo. Nilichoongeza ni makumbi kidogo kwa mvi na ushungi wa kitambaa cha kanga. Wapo watoto ambao tangu wasome ukurasa ule hawakubali mama zao wakune nazi kabla hawajaisalimia.

Tanga la ndala nalo limekatwa pale penye jina la kanga, ndiyo maana linaonyesha herufi nusunusu. Mama mmoja wa Mlingotini alizitazama zile nusu za herufi, akaitambua kanga, akalisoma jina lote kwa kichwa. Alikuwa nayo alipoolewa. Ningeligeuza kitambaa upande wa nyuma ili tanga liwe safi, mama yule asingeonana na kanga yake.

Shikamoo. Jua la kwenye kitabu lina miale mingapi? Mimi nimehesabu 21, kaka yangu anasema 20.

Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye umepatia. Jua ni kisoda kimoja tu, nimekipiga picha kwa karibu sana, na kisoda kina meno 21. Kisoda kilibuniwa Marekani na William Painter, aliyekipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1892, na wakati ule kilikuwa na meno 24. Mwambie kaka aanze kuhesabu kwenye lile jino lililopinda, asilirudie.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa nini ukurasa mmoja unasema "ndala ilisahauliwa" na mwingine "Ndala akaondoka"? Mnawachanganya watoto.

Asante sana, mwalimu. Si kosa la uchapaji, na nilikesha nalo siku nyingi kabla ya kuamua.

Kwenye kurasa tano za mwanzo ndala ni kitu. Inaachwa, inapigwa na jua, inakanyagwa na mbuzi. Lugha inaiweka panapoistahili: i-, zi-. Ukurasa wa sita Kaa anasimamisha mlingoti, tanga linajaa upepo, na hapohapo kitenzi kinabadilika: Ndala *akaondoka*. Ngano zetu hufanya hivyo tangu zamani. Sufuria likianza kusema, msimuliaji halisemi tena kama sufuria, humpa ngeli ya A-WA bila kuomba ruhusa, na hakuna mtoto anayeuliza.

Lugha nyingine zingehitaji maneno kumi kueleza kwamba kitu kimepata uhai. Sisi tuna silabi moja tu, na mtoto wa miaka mitano anaisikia. Nakuomba ukifika ukurasa wa sita usome polepole, uwaache wenyewe waseme nini kimetokea. Kisha rudi nao kwenye picha: ni ndala ileile, haikuongezewa macho wala mdomo. Aliyeipa roho ni kiambishi.

Ni kweli ndala ya kushoto na ya kulia huachana baharini, au ni hadithi tu?

Ni kweli, na hapo ndipo wazo la kitabu lilipotoka. Kiatu kinachoelea kimepinda upande, kwa hiyo upepo na maji hukisukuma cha kushoto kwa mwelekeo mmoja na cha kulia kwa mwelekeo mwingine kidogo. Safari ikiwa ndefu, tofauti hiyo ndogo hugeuka kuwa pwani mbili mbalimbali. Huko Ulaya waliwahi kuhesabu viatu vilivyotupwa na bahari: kisiwa cha Texel, Uholanzi, vya kushoto vilikuwa vingi zaidi, visiwa vya Shetland, Uskoti, vya kulia vilizidi.

Kuhusu njia ya kaskazini, hilo nalo sikulibuni. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini, na majira ya kusi, upepo wa kusini, hukaza zaidi. Kinachoanguka majini Dar es Salaam kina sababu nzuri ya kupita Bagamoyo.

Mwanangu alilia mwishoni. Kwa nini ndala ya kulia ilikatwakatwa?

Pole sana, mama, na pole kwake. Si yeye peke yake.

Kwa wasiokisoma bado: Ndala anafika Tanga, mji wa baiskeli, anamkuta mwenzake amekatwa vipande vinne vya mviringo. Amekuwa magurudumu ya gari la kopo la samaki, na mtoto analivuta kwa kamba barabarani. Niliwahi kuandika mwisho mwingine, wakakutana ufukweni, wakavaliwa na mtu mmoja, basi. Niliwasomea watoto wa jirani. Mmoja akasema, "Lakini hii ya kushoto si imetobolewa tundu la mlingoti? Itavaliwaje?" Alisema kweli. Baada ya safari ile hakuna aliyebaki kuwa ndala tupu, na kuwarudisha miguuni kungekuwa kuwadanganya watoto.

Msomee tena ukurasa wa mwisho taratibu. Gurudumu la nyuma bado lina alama ya kidole gumba, ile mbonyeo inayoachwa na mguu wa mtu aliyeivaa muda mrefu. Ndala anamtambua mwenzake kwa mbonyeo ile. Kisha anapanda juu ya kopo, tanga lake likiwa juu, na gari linaondoka likisukumwa na upepo. Muulize mwanao kama anaiona alama yenyewe. Wengi hulia kwa sababu hawajaiona bado.

Hivi tembo anafika baharini kweli?

Anafika. Saadani, kati ya Bagamoyo na Pangani, ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania bara inayopakana na bahari. Ilipewa hadhi hiyo mwaka 2005. Wa kwenye kitabu ni birika bovu la bati. Mkonga ni mdomo wa birika, masikio ni nyayo za viatu. Kasa wa Saadani ni sahani ya plastiki iliyopasuka kama magamba, nami nilimweka kwa sababu kasa hutaga kule kweli.

Ndevu za Babu wa Tanga ni nini?

Ni katani, ile inayotoka kwenye mkonge. Nyuzi zake ni kavu, zinang'aa, na hujipinda zenyewe kama ndevu za mtu aliyelala. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na katika miche 1,000 aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai. Mashamba yote ya Tanga yalianzia hapo, kwa hiyo nilimpa Babu ndevu zenye nyuzi 62. Msijisumbue kuhesabu, kuna alizokalia.

Unaokota wapi, na wakati gani?

Huenda asubuhi, siku mbili tatu baada ya mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yakiwa yamekupwa. Bamvua hupanda juu kuliko siku nyingine na huacha mstari mrefu wa majani ya bahari, na ndani ya mstari ule mna kila kitu. Maji mafu, yale yasiyopanda sana, ukienda utarudi na kandambili moja na jua la utosini.

Kwa mafundi wa mashua siokoti bila kuomba. Maranda ni yao, huwashia moto na kutandika chini. Huwaamkia, nakaa kidogo, nangoja wao waseme "chukua, mwanangu". Mawimbi yote ya kitabu ni maranda ya randa moja, yaliyojikunja namna ambayo mkono wangu usingeweza kuyakunja.

Kuna vitu usivyookota?

Vipo, na naomba kila anayefuata mfano huu asome hapa kwa makini.

Simbi nzima isiyovunjika naiacha. Kuna kaa mdogo ambaye hana gamba lake mwenyewe nyuma, huingia ndani ya simbi tupu akaifanya nyumba, na akikua huhamia kubwa zaidi. Ukiokota zote nzuri, yeye anahamia kwenye kifuniko cha dawa ya meno. Nachukua zilizovunjika tu, na zinatosha. Chochote kilicho hai, matumbawe pia, hapana.

Vigae vya kaure Kaole na kwingineko kwenye magofu usiviguse, hata kiwe kidogo kama kucha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kigae kilichohamishwa hakiwezi tena kumweleza mtafiti kilitoka wapi.

Sindano, betri, chupa za dawa na vioo vyenye ncha: mtu mzima aviondoe, mtoto asivikaribie. Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kitu chochote kidogo, kisoda chenyewe kikiwamo, kinaweza kumkaba kooni, kwa hiyo apewe kitabu, asipewe vifaa.

Lile yavuyavu la kwenye kitabu, yule mnyama laini wa baharini, si mfuko wa rambo? Si ilipigwa marufuku?

Ndiyo, ni rambo, na mifuko ile ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Huu niliuchomoa mchangani ukiwa umefukiwa nusu. Nilipousuuza kwenye ndoo ulifunguka na kuelea vilevile kama yavuyavu, nikaelewa kwa macho yangu kwa nini kasa huula. Ukurasa ule hauna neno hata moja. Nilijaribu kuandika, kila sentensi ikawa hotuba, nikaziondoa.

Mlitumia gundi gani?

Kurasa nyingi hazina gundi. Vitu vimepangwa juu ya ubao, vikapigwa picha, kisha vikaondolewa. Kijiko kilekile ni samaki ukurasa wa nane na ni kasia ukurasa wa 15, watoto wameshakigundua. Ubaya wake ni kwamba ukurasa ambao haujapigwa picha hauna mlinzi. Picha ya Pangani, minazi 11 ya vipande vya ufagio na makumbi, ilinichukua siku tatu. Usiku wa tatu niliiacha sebuleni nikisubiri mwanga wa asubuhi, na asubuhi mlango ukafunguliwa kabla sijaamka. Kuku watatu walipita katikati ya Pangani. Nilikaa chini nikalia. Baadaye nikaona kwamba mnazi mmoja ulikuwa umeinama juu ya mto kwa namna nzuri kuliko nilivyoupanga, nikauacha hivyo, nikaanza kuwarudisha wenzake. Ni ule wa kushoto.

Pale gundi ilipohitajika nilitumia ya mbao, ile nyeupe. Makosa yangu ya kwanza yalikuwa chumvi. Simbi ikitoka baharini ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na baada ya mwezi mmoja wa masika kila kitu kinabanduka. Sasa naloweka vitu vyote kwenye maji baridi ya bomba siku mbili, nabadilisha maji mara kadhaa, naanika kivulini.

Tunataka kufanya darasani. Wanafunzi ni wengi na gundi ni ghali.

Mwalimu, pika ya unga. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne au vitano vya maji. Koroga kwanza na maji ya baridi usitoe madonge, kisha chemsha ukikoroga mpaka iwe kama uji mzito. Inashika karatasi, kitambaa, majani na nyuzi vizuri, chuma haishiki. Itachacha baada ya siku mbili tatu. Matone machache ya mafuta ya karafuu huichelewesha. Na usiiache wazi, mende wanaipenda.

Kila mtoto alete kitu kimoja tu kutoka nyumbani au njiani. Waketi kwa makundi ya sita sita. Kabla ya kubandika, kila mmoja aseme kitu chake kilikuwa nini na nani alikitumia. Usiruke hatua hii hata kama kipindi kinaisha. Mtoto aliyeleta mpini wa kijiko akisema "hiki bibi alikuwa akikorogea uji wangu", kundi zima hukipa nafasi nyingine kwenye picha.

Wasipewe mchoro wa kujaza. Waache wavisogeze vitu hadi kitu kimoja kifanane na kingine.

Naweza kupiga picha kwa simu?

Unaweza. Panga chini, simama juu, simu iwe sambamba na ubao. Pigia karibu na dirisha asubuhi, usitumie taa ya simu, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. Kivuli usikifute, kivuli ndicho kinachomwambia mtoto kwamba kitu kilikuwapo kweli, angeweza kukishika. Kama utachapa, kadiria nukta 300 kwa inchi: ukurasa wetu wa sentimita 21 unahitaji picha yenye upana wa nukta 2,480 hivi.

Nakala yangu ina picha nyeusinyeusi. Ni kawaida?

Hiyo ni ya toleo la kwanza. Mchapaji alinionyesha picha kwenye kompyuta, sikudai karatasi ya majaribio, na kioo kinachong'aa huonyesha rangi ambazo wino wa karatasi hauzifikii. Bahari ya Saadani ikatoka kama chai ya rangi. Toleo la pili limerekebishwa. Mwenye nakala nyeusi ailete, nitambadilishia.

Kwa nini kurasa 32?

Karatasi kubwa ya mtambo ikikunjwa hutoa kurasa 16. Mbili ni 32.

Zanzibar tunasema malapa. Kenya wanasema patapata. Kwa nini ndala?

Kwa sababu ndivyo nilivyoikuta inaitwa na aliyeipoteza. Ukisomea watoto wako, badilisha, hadithi haitaharibika.

Kinapatikana wapi?

Kwangu mwenyewe, Mji Mkongwe, Bagamoyo, na ninapoalikwa kusoma shuleni. Shule zinazochukua kwa pamoja hupunguziwa.

Ndala yenyewe iko wapi? Naweza kuja kuiona?

Karibu. Imetundikwa msumarini nyuma ya mlango wangu, pamoja na mlingoti wake. Ni ya bluu, imeliwa upande wa nje wa kisigino kama ndala za watu wanaotembea kwa haraka. Watoto wakija huishusha, huitoa mlingoti, hutia mguu. Tundu linaangukia chini ya kisigino, nao husimama hapo kidogo wakilipapasa kwa ngozi ya mguu kabla ya kuirudisha.